Plafond Niliyoisifu Bila Kuipanda

Bandugu zangu, bamama na bababa, amani ikuwe kwenu. Pasta amenipa dakika kumi, bibi yangu amenipa tano, donc nitasema mbio.

Kwa mwenye hanijui, mimi ni komisioneri. Ukitafuta nyumba ya kupanga hapa Butembo, mimi ndiye natembea na funguo za benye nyumba na kukuonyesha. Wakati wa vita kazi ile ilikuwa mingi sana. Batu balitoka kila upande, Kamango, Manguredjipa, na magodoro ku kichwa, na kila mutu alitaka mulango wa kufunga. Mimi nikanona. Nikavaa koti na kravati hata siku ya soko. Na nikasema uongo mudogo-mudogo kila siku, haukuniuma hata kidogo. Choo kikijaa, nasema kinakosa chokaa tu. Nawaambia wazi, juu ninyi munanijua.

Siku moja akanifikia mama mumoja na batoto bane. Jina lake sitasema. Alitoka Manguredjipa kwa miguu, mudogo kabisa akiwa ku mugongo. Nikaanza kumusifia baraza, maji, majirani benye kuomba. Akanikata maneno.

"Papa, minauliza kitu kimoja tu. Plafond iko nguvu? Basoda bakikuja, batoto yangu bataweza kupanda?"

Munakumbuka wakati ule. Wengi tulificha batoto kule juu ya dari, kati ya plafond na mabati, mpaka benye bunduki bapite. Mimi sikuwa nimepanda kule hata siku moja.

"Nguvu sana, mama! Mbao ngumu ya pori la Beni. Hata magunia ya kahawa unaweza kupanga juu."

"Ulipanda weye mwenyewe?"

"Nilipanda."

"Basi panda tena, nione."

Bandugu, hapo mutu mwenye akili angesema ukweli. Mimi nikavua viatu. Nikapanda ku kiti, nikaingia mu lile tundu la korido, na koti langu na kravati. Juu kulikuwa vumbi tupu. Nikaenda hatua tatu nikipiga kelele: "Unasikia, mama? Hailie hata ki—"

Ikapasuka. Mbao ngumu wapi! Ilikuwa triplex, ule ubao mwembamba wa kubandika, mvua imeiozesha zamani. Miguu ikapita chini, kifua kikabaki juu, suruali ikanaswa na musumari ikapasuka kutoka kiuno mpaka goti. Nikaning'inia pale nikirusha miguu kama chura. Bamama ba jirani, waliokuwa banachagua maharagi inje, bakakuja mbio bakifikiri ni bomu. Bakaona nguo yangu ya ndani, na, pasta, naomba musamaha, ile nguo ilikuwa na matundu. Chekeni tu. Leo hata mimi nacheka.

Mais mama yule hakucheka. Waliponishusha na ngazi, alikuwa anaangalia lile shimo, na mukono wake uko ku kichwa cha yule mudogo. Akasema polepole:

"Batoto yangu bangeangukia mu mikono ya nani?"

Akachukua magodoro yake akaenda. Nawaambia ukweli, matundu ya nguo nilisahau baada ya siku mbili, mais neno lile lilikaa na mimi ku meza, ku kitanda, hata hapa kanisani nikiimba.

Habari ikazunguka kartye, mutaa muzima. Benye nyumba bakaomba funguo zao. Nikajifungia ndani kama mugonjwa. Bibi yangu akavumilia, akavumilia, kisha asubuhi moja akanisukumia sahani ya bugali. "Kula," akasema, "kisha uende ukatengeneze kile ulipasua. Weye hapana wa kwanza kuonekana makalio."

Nikaenda kwa mwenye nyumba ile, akanifungulia. Fundi mumoja wa kanisa hili akanipa mbao, nyundo, na matusi mengi ya upendo. Alinifundisha kupima, kukata, kupigilia. Tuliondoa triplex yote, tukaweka mbao ya kweli, na vidole vyangu vikavimba. Halafu nikamutafuta yule mama. Hakuniamini, na alikuwa na haki. Alinitembeza juu kila kona na gunia la maharagi ku bega, yeye chini akisikiliza. Saa sita ndipo aliingiza magodoro.

Mwezi haukwisha. Nilikuwa pale muchana, nikibadilisha kufuli ya mulango wa nyuma, risasi zikaanza kulia karibu. Tukapanda wote, mama, batoto bane, na mimi. Tukalala kifudifudi. Basoda bakaingia. Tulisikia viatu, tulisikia sufuria zikianguka. Mumoja akagonga plafond na kitako cha bunduki, mara mbili, pale chini ya tumbo langu. Niliogopa sana, nilitetemeka mwili muzima. Ndipo yule mudogo akaniwekea mudomo ku sikio:

"Papa komisioneri, hapana tikisika-tikisika. Utatuangusha."

Nikauma kravati yangu, nikatulia. Mbao ikakaa kimya. Bakachukua kuku na redio, bakaenda.

Nashukuru Mungu. Nashukuru bibi yangu kwa ile sahani, na fundi wangu kwa mbao na matusi. Mama, nakushukuru kwa kunipandisha ku kiti mara ya kwanza, na kwa kukubali kunisikiliza mara ya pili. Funguo zilirudi moja-moja, na leo nakula vizuri, munaona tumbo. Neno langu kwenu ni hili: kabla ya kumwambia mutu kwamba hapa ni salama, peleka kwanza mwili wako pale.

Bale batoto bamekaa ku benchi ya tatu. Kila jumapili, pasta akisema tufumbe macho tuombe, mimi nachelewa kidogo. Nahesabu kwanza mpaka bane.