Jina la Muziki Usio na Maneno

Ndani ya basi, mpiga saksafoni alikuwa amepakata chombo chake kama mtoto mwenye homa. Pembeni yake aliketi shemeji yake, mjane wa kaka yake. Walikuwa wanakwenda studio, ambako bendi ingerekodi muziki wa mwisho wa marehemu, na muziki wenyewe haukuwa na jina.

"Uiteni 'Kumbukumbu'," alisema mjane. "Jina la heshima."

"Shemeji, bendi yetu ya jazi ina mila yake. Jina ni lile neno la kwanza mtu analolisema muziki ukishapigwa mara ya kwanza. Ndiyo maana tuna 'Nani Kakalia Miwani Yangu', na tuna 'Mama Mkwe Bado Yupo'."

Abiria wa nyuma akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Huu kaka aliupiga kwanza sebuleni kwenu, nami nipo. Ukachungulia mlangoni ukasema, 'Punguza, watoto wamelala.' Hilo ndilo jina."

"Ili dunia nzima ijue nilikuwa namkemea mume wangu? Thubutu!"

"Muziki wenyewe hauna maneno, shemeji. Jina ndilo neno pekee. Nataka litoke nyumbani kwake."

Mjane alitazama dirishani mpaka basi likasimama kituo cha studio.

"Kwa kicheko chako siku ile hukusikia nilivyomalizia," alisema akiinuka. "Nilisema, 'Punguza, watoto wamelala, lakini usiache.'"

"Lote hilo halitaenea kwenye jalada!"

"Basi ama lote, ama 'Kumbukumbu'," akasema, akashuka wa kwanza.