Nchi Sitini na Benchi Moja la Nkuhungu

Bisha basi. Kataa kwamba mimi, niliyeachana na shule kidato cha pili na mwalimu wa hesabu akashusha pumzi, maoni yangu yamo kwenye utafiti wa nchi sitini. Wewe na digrii yako hakuna aliyekuuliza kitu.

Ilikuwa kijiweni kwetu Nkuhungu, benchi la mbao mbele ya duka la spea za baiskeli, saa tatu asubuhi, upepo wa Agosti unatulisha vumbi bure. Bashiri wa Kondoa, muuza kahawa wetu, keshatua birika lake. Kulia kakaa mzee Sila, tunayemwita Spika kwa sababu hapo haongei mtu mpaka yeye amruhusu. Kushoto kakaa mzee Zablon, jina la kijiwe Upinzani. Spika akisema leo kuna joto, yeye anavaa koti. Katikati nimekaa mimi, na nina sababu zangu. Spika ndiye baba yake Raheli. Upinzani ndiye mshenga wangu, na Jumamosi alikuwa apeleke barua yangu ya posa kwa huyohuyo Spika. Wiki nzima nilikuwa nawalisha kashata wote wawili, nacheka hata utani usiochekesha.

Akaja dada mmoja na kishikwambi mkononi, Miriam, mwanafunzi wa chuo. Akawaamkia wazee shikamoo, akaeleza kwamba kishikwambi kimechagua nyumba ninayopanga, na ndani ya nyumba kimenichagua mimi. Watafiti wanataka kujua watu wa kila nchi wanaona lipi ni sawa na lipi si sawa, maana zamani walidhani dunia itaishia kufikiri namna moja, sasa wanaona nchi zinaachana: huku wanalegeza, kule wanakaza. Akaomba tuingie ndani nijibu faragha. Spika akamwambia hapa hakuna faragha, hapa kuna benchi. Basi nikawa naulizwa mimi, linajibu benchi. Kama watu wengi wanaaminika, wakasema hapana kwa sauti moja, na simu zao zote wamemwachia mwenye duka azichaji.

Bashiri ndiye aliyetaka kujua nchi zinaachanaje. Kabla Miriam hajafungua mdomo, akajijibu mwenyewe: ni kahawa ya kutembea nayo. Wenzetu wananunua kahawa kwenye kikombe cha karatasi, wanaondoka nayo, ubishi unakatika njiani, kila mtu anafika kwake na hasira yake nzima. Upinzani akasema hajui kitu, shida ni lifti; watu kumi ndani ya sanduku moja, wote wanatazama mlango, hakuna anayesalimia. Spika akawaruhusu kunyamaza, kisha akatoa yake. Tatizo ni lami. Penye vumbi kama hapa Dodoma, ikifika jioni wote mna rangi moja, huwezi kumtambua adui. Wenzetu wakaweka lami kila mahali, wakaanza kuonana vizuri.

Nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Hilo lilikuwa la kweli, sikujilazimisha.

Ndipo Miriam akasoma swali la mtoto: kipi muhimu zaidi afundishwe, kutii wakubwa au kuamua mwenyewe? Moja tu.

— Andika kutii, alisema Spika.

— Futa, alisema Upinzani. Andika aamue mwenyewe.

— Anayeamua mwenyewe ndiye anayekuletea mkwe aliyemwokota kwenye simu.

— Na anayetii kila mkubwa atamtii hata mwizi.

— Zablon, unaniita mwizi?

— Sijakuita. Umeitika.

Bashiri aliacha kumimina. Upinzani akasimama, akakifunika kikombe chake juu ya benchi, akasema Jumamosi ana shughuli shambani. Spika akasema afadhali, kwa sababu Jumamosi na yeye hayupo. Wanasema hivyo huku wanakaziana macho juu ya kichwa changu, na ndoa yangu iko hapohapo katikati inakata roho. Nikajaribu kutaja kashata. Hakuna aliyegeuka.

Miriam hakujua anachokanyaga. Aliuliza kwa adabu tu, apate cha kuandika.

— Samahani, mzee. Wewe ulimtii baba yako?

Bashiri akakohoa. Kijiwe kizima kinajua kwamba baba yake Spika alishamtafutia mke, naye akatoroka na mama Raheli kutoka Ihumwa. Aliyebeba sanduku la bibi harusi kichwani alikuwa Zablon.

Spika akatazama barabarani. Upinzani akaanza kutabasamu.

— Na wewe, mzee? Wanao huwa wanaamua wenyewe?

Tabasamu likaisha. Mwanawe Anthony alitaka udereva. Mzee alimpeleka kwenye shamba la zabibu, na yuko hukohuko mpaka leo anapalilia amenuna.

Upepo ukapita, vumbi likapita. Upinzani akakaa taratibu, akakifunua kikombe. Bashiri akamimina. Spika akamsogezea kashata, ile niliyonunua mimi.

— Lile sanduku lilikuwa zito, alisema Zablon.

— Jumamosi uje mapema, alisema Sila.

Miriam akanigeukia: aliyechaguliwa ni wewe, wewe mwenyewe unasemaje? Wote wakanitazama. Nikajibu kifua mbele, akabonyeza, akaenda zake. Na Jumamosi barua ikapokewa kwa mikono miwili.

Mtaani huwa naishia hapo.

Wewe nitakumalizia. Siku hiyo Spika alifanya jambo ambalo hajawahi kulifanya: alimwita Raheli sebuleni, akamuuliza yeye anaonaje. Raheli akasema hana neno baya, ila kuna kitu kimoja anataka akisikie kutoka mdomoni mwangu, si kwa mshenga. Lile swali la mtoto, nilijibu nini?

Sasa ukweli. Kwenye kile kishikwambi, chini kabisa ya yale majibu mawili, kuna la mwisho, la asiyechagua. Nilimtazama baba mkwe, nikamtazama mshenga, nikamwambia Miriam kwa sauti ndogo aweke "sijui". Akaniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Raheli ananisubiri kwao Miyuji leo. Kwa bodaboda ni dakika chache tu. Nimeamua kutembea.