Mama Majina na Fomu za Likizo Zilizopotea Njia

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ghala letu, Mama Majina, fundi wa kompyuta, anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Kazi ya kumwandika nimepewa mimi, mpakuzi wa magunia, kwa sababu wenzangu wote wamesingizia kuumwa mkono.

Alianza kama msaidizi wa stoo. Kompyuta zilipoletwa, wengine walizikwepa. Yeye alizifungua matumbo akachungulia. Kila mashine ina namba yake ya mtandao, ndiyo anwani ya kuipelekea kazi, naye akazipa majina ili tusihangaike na namba. Printa ya ofisini ikawa Mama Mkwe, maana inaguna sana na kutoa kidogo. Majina na namba aliyaandika kwenye faili dogo ndani ya kila kompyuta, moja baada ya nyingine. Alisema kompyuta ni kama shemeji mgeni: usipomtambulisha kwa watu, hamjui mtu.

Siku moja alibadilisha namba ya Mama Mkwe, na ile ya zamani akaipa printa ya meneja. Akarekebisha mafaili yote, isipokuwa la kompyuta ya stoo, iliyokuwa imefunikwa magunia.

Kesho yake watu ishirini na sita tulingoja fomu za likizo. Basi la kampuni la kutupeleka makwetu linaondoka saa nane, na bila fomu yenye saini ya meneja hupandi. Ukilikosa, nafasi nyingine ya likizo ni baada ya miezi sita. Mke wangu alikuwa amejifungua, na mtoto nilikuwa sijamwona. Karani wa stoo akabonyeza. Kimya. Akasema Mama Mkwe kanuna, akabonyeza tena mara nne.

Kumbe huko juu printa ya meneja inatapika fomu mia na thelathini! Meneja akashuka ngazi mbilimbili, kiatu kimoja mguuni, akidhani kampuni nzima imeacha kazi.

Mama Majina alifungua faili la stoo, akaona Mama Mkwe bado ana namba ya zamani, ambayo sasa ni ya printa ya meneja, akajipiga paja. Hakumsukumia mtu lawama. Alisema kosa ni lake, kisha akamwomba bosi, maadamu fomu zimeshamfika mkononi, azisaini tu. Meza ilikuwa imejaa magunia, bosi akasainia mgongoni kwangu. Kalamu ilinitekenya fomu zote ishirini na sita, nikacheka mpaka machozi.

Basi tuliliwahi. Mwanangu nilimpakata akiwa na siku tisa.

Mama, ulitufikisha kwa watu wetu. Sasa ni zamu yako kukaa na wako. Asante sana. Tunakuombea afya, usingizi mnono, na wajukuu wasiokuamsha kuuliza kwa nini kompyuta imezima.