Bia Iliyomwagwa Kalimoni

Zimeni hiyo redio mkae chini wote. Na wewe Ndung'u, ukitaka kusimama hapo mlangoni na koti lako la kanisani, simama, lakini simu uiweke mfukoni, maana pumzi niliyobaki nayo sitaitumia kurudia maneno. Mimi Waceke, mama yenu, nimewaita nikiwa na akili zangu, na jirani yangu Kamene amekaa hapa karibu na kitanda ili kesho mtu asije akasema mama alikuwa haelewi tena anachosema.

Nisikilizeni, wanangu. Baba yenu alipokufa, nyinyi wawili, Ndung'u na Karanja, mlirudi Ruiru kabla udongo wa kaburi haujakauka. Dada yenu Ciku ndiye aliyehama Kiandutu na mumewe Tobias, wakaja kukaa nami hapa Kalimoni ndani ya nyumba hii ili nisiongee na kuta. Mlikasirika. Mlisema huyo ni mtu wa kutoka magharibi, kiwanda kimemfuta kazi, sasa amekuja kurithi shamba lisilo la ukoo wake. Lakini kuku wangu walioibiwa mkiwa Ruiru, ni yeye aliyejenga banda jipya, na choo kilichobomoka, ni yeye aliyekichimba upya.

Tobias alipenda kupika bia. Kule Kiandutu aliipika kwa ile sharubati nzito ya kimea inayouzwa kwenye mikebe, unakoroga tu na maji, lakini alitamani siku moja aitoe kwenye nafaka yenyewe. Siku aliyoleta gunia la kimea cha shayiri kutoka Thika, aliniuliza kwa adabu, "Mama, utaniruhusu nitumie jiko lako?" Nikamwambia nitamruhusu akinifundisha.

Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Siku hiyo nilizungusha ile mashine ya mkono ya kusagia mahindi, Tobias akinionya nisifanye unga, nivunje punje tu zifunguke. Tukamimina kimea ndani ya lile boksi la plastiki linalotunza baridi na joto, ambalo Ciku alikuwa akiuzia soda baridi, tukatia maji ya moto, mkwe wangu akiangalia kipimajoto bila kupepesa macho, akisema maji yakizidi moto utamu hautatoka. Tukafunika, tukangoja. Alipofungua nikaonja, na yale maji yalikuwa matamu ajabu, wala hakuna aliyetia sukari. Nikapiga kelele, "Ngai, Mungu wangu!" kama msichana. Kisha tukachuja, tukasuuza makapi kwa maji mengine ya moto, tukachemsha kwenye sufuria yangu ya sherehe pamoja na yale maua machungu wanayoyaita hopsi, tukapoza sufuria ndani ya karai, tukamimina mtungini na kutia hamira. Asubuhi mtungi ulikuwa unatoa mapovu kupitia kijipira cha kwenye kifuniko chake, nami nikavuta kiti nikakaa kando yake kama mtu aliyepata mgeni.

Halafu mkaja nyinyi.

Ndung'u, uliingia na askari ukawaambia, "Hapa kunapikwa chang'aa, na mwenyewe ni huyu." Chang'aa, ile pombe kali ya haramu! Wewe uliyekunywa pombe ya muratina ya baba yako siku ya ruracio yako, siku ya kupeleka mahari, mpaka ukabebwa na wakwe! Nilisimama mbele ya mtungi nikakuambia, "Hii ni bia ya mama yako, na hatujauza hata kikombe." Ukanijibu, "Mami, tulia, shetani ameingia hapa," ukanisukuma kando, ukaupiga mtungi teke. Karanja, wewe ulikuwa umeshika geti ili Tobias asikimbie, na hakuwa anakimbia popote, alikuwa amepiga magoti anapangusa sakafu yangu. Askari walimpiga akiwa magotini hivyo. Sikio lake la kushoto halijasikia kitu tangu siku hiyo. Yeye amewasamehe, kwa sababu ana moyo mzuri. Mimi moyo huo sina.

Na msidhani sikujua mlichokuwa mnatafuta. Wiki haikuisha kabla mpima ardhi hajafika na vigingi, akasema ametumwa na Ndung'u kugawa shamba viwanja vya kujengea ghorofa za kupangisha. Hapo ndipo nilipomjua huyo shetani kwa jina. Niling'oa vigingi kwa mikono hii.

Tobias aliapa hatapika tena. Basi nikanunua kimea mwenyewe, nikachemsha maji, nikakoroga, nikakosea, naye akinitazama kutoka dirishani, mpaka ikamshinda, akaingia akaninyang'anya mwiko. Bia ile ilitoka na ukungu, na povu lake lilikufa kabla ya kufika mdomoni. Tuliinywa mchana, mlango ukiwa wazi, barabara nzima ikituona.

Sasa shikeni haya. Nyumba hii, jiko hili na shamba lote la mbele ni vya Ciku, na wakili ameshaandika. Karanja, kile kipande cha chini karibu na mto ukilime. Ukikiuza, kinarudi kwa dada yako. Ndung'u, wewe sikupi ardhi. Baba yako alikupa kiwanja Ruiru ukakigeuza gari. Mnizike kando yake. Tobias ashike jeneza mbele, na asiyetaka kulishika pamoja naye, asilishike. Na mtu yeyote akisimama kaburini kuhubiri kuhusu ulevi, Kamene, una sauti kubwa, mwambie akae.

Maji... Ciku, niinue kidogo. Hapo. Hapo inatosha.

Karanja, leta mikono. Mungu akupe... akupe uti wa mgongo, usishikie mtu geti tena. Tobias, zunguka upande huu, unisikie. Wewe ni mwanangu. Hilo tu. Ciku, wewe unajua.

Ndung'u... Husogei. Basi baki hapo hapo mlangoni. Nakubariki kwa sababu... nilikuzaa, si kwa sababu nimekusamehe. Sijakusamehe. Mungu akupe watoto... wapole kuliko wewe, nao wakuzike vizuri. Amina... semeni amina.

Haya. Tokeni sasa. Nimechoka kuwaangalia.