Aliyeanza na Somo la Pili

Huyu mnayemzika leo ni mtoto wa kwanza wa mama yake. Alizaliwa siku ya Jumatano, tarehe 9 Machi 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya wapangaji. Mkunga alikuwa mwenye nyumba mwenyewe, aliyekuja kugombeza kelele akajikuta amemshika mama miguu. Mtoto alitoka kimya. Mwenye nyumba alimchapa matakoni, wapi, akamchapa tena, ndipo akalia. Watu wamezoea kusema marehemu fulani alikuwa msema kweli tangu tumboni mwa mama yake. Huyu hakuwa hivyo. Alipokuwa mdogo alikuwa akilamba sukari na kuwasingizia sisimizi, na aliwasingizia kwa uso mkavu kabisa.

Elimu yake aliipata katika shule ya msingi iliyotazamana na ghala alilokuwa akililinda baba yake. Alimaliza darasa la saba mwaka 1980, hakuchaguliwa kuendelea. Mwalimu wake aliandika kwenye cheti kwamba ana mikono mizuri. Mama yake aliposomewa alikasirika, akaona ni namna ya kistaarabu ya kusema kichwa hamna. Mwaka uliofuata baba yao alifariki, akamwacha mama na watoto wawili, huyu na mdogo wake wa kike ambaye alikuwa hajaanza hata shule.

Mikono mizuri ikaenda kazini. Alijifunza ufundi wa makochi kwa mzee mmoja aliyekuwa na banda nyuma ya soko, na asubuhi alikuwa akienda na mdogo wake mgongoni kwa sababu mama alikuwa akifua nguo za watu. Mtoto alilazwa juu ya vipande vya sponji, akalala na kuamka humo humo katikati ya kelele za nyundo. Mdogo wake alikuwa na maradhi ya kunywea dawa kila siku, na aliyekuwa akimpimia dawa hiyo kwenye kijiko ni huyu huyu kaka yake, mdomo umejaa misumari midogo, anaitoa mmoja mmoja anagonga. Mama yao alikuwa akirudi jioni anakuta mtoto ameshiba, ameoga, na nywele zina gundi.

Mwaka 1990 alifungua banda lake mwenyewe. Alifanya kazi kama wenzake wanavyofanya: juu sponji mpya, chini makapi yale yale ya zamani, mteja akikalia siku ya kwanza anasifu. Wala hakuona vibaya.

Alifunga ndoa mwezi wa sita mwaka 1995 na mshona mapazia wa upande wa pili wa barabara. Walijuana kwa sababu ya kochi. Binti alileta kitambaa cha maua makubwa ya zambarau, fundi akakisifia mpaka akamaliza maneno. Kochi hilo liko sebuleni kwao hadi leo. Miaka mingi baadaye alimwambia mkewe kwamba kile kitambaa hakukipenda hata siku moja. Mkewe alicheka akakaa chini. "Hata mimi," akasema. "Ndicho kilichokuwa kimebaki dukani." Hawakujaliwa mtoto. Hilo hawakulifanyia siri wala hawakulifanyia wimbo.

Mwanzoni mwa mwaka 2004 mgongo ulimkamata. Kazi ya kuinamia makochi ilikuwa imemkunja, akawa anatembea kama mtu anayetafuta sindano iliyoanguka. Daktari alimwambia akajinyooshe, na muuguzi mmoja mstaafu alikuwa anafundisha yoga katika ukumbi wa ghorofani, juu ya duka la rangi. Mama yake aliposikia kwamba kule watu wanalala chali sakafuni, alimuuliza kama kulala nako siku hizi kunataka mwalimu.

"Kulala najua, mama," alijibu. "Kuamka ndiko ninakofundishwa."

Na kweli mgongo ulinyooka. Lakini yule mwalimu hakufundisha viungo peke yake. Kabla ya kuanza mazoezi alikuwa akiwakalisha na kuwaeleza falsafa ya yoga, kwamba kuna mambo matano ambayo mtu anajizuia nayo kwanza, ndipo mwili ufuate. Alikuwa akieleza moja kila wiki. Wiki ya kwanza marehemu hakwenda, alikuwa anamalizia makochi ya watu wa harusi. Alianza wiki ya pili, na jambo la wiki ya pili lilikuwa ukweli. Wenyewe wanauita satya. Mwalimu alisema unachokiwaza, unachokisema na unachokitenda viwe kitu kimoja, usipunguze, usitie chumvi, usiseme kitu ambacho ukitazama ndani yako hukioni.

Siku hiyo alipitia kwa mama yake kama mtu aliyepata kazi mpya. Mama yake alimpakulia chakula akamuuliza kikoje. Akatafuna, akatazama juu, akasema, "Kimeungua kidogo upande huu." Kilikuwa kimeungua. Lakini mama yake alikuwa amempikia kwa miaka thelathini na minane na hakuwa anauliza ili ajibiwe.

Bandani ikawa hivyo hivyo. Mteja mmoja, mama mtu mzima, alileta kochi la marehemu mumewe akitaka lipendeze tena.

"Mbao imeliwa, mama," alimwambia. "Nikilivika kitambaa nitakuwa nimempaka mgonjwa poda."

Fundi wa banda la jirani alimwita pembeni. "Ndivyo," alimwambia, maana walikuwa wameshampa jina hilo kwa sababu ya kusema ndivyo ilivyo kila saa, "mdomo wako huo utakulaza njaa."

Wateja wengine walikimbia, wengine walibaki, na waliobaki walikalia sponji mpya mpaka chini. Hapo hakuna aliyeumia sana. Balaa lilikuja mwezi wa nane.

Mdogo wake alikuwa amepata mchumba, fundi wa majokofu, kijana mpole. Wazee wa kijana walikuja kwa mama kuzungumza. Walikaa kwenye makochi ambayo kaka mtu aliyashona mwenyewe, na kwa kuwa baba hayupo, yeye ndiye aliyekaa kiti cha baba. Mazungumzo yalikwenda vizuri. Mwishoni ami yake kijana aliuliza, kama watu wanavyouliza, "Basi, kuna lolote la binti yetu ambalo ni vizuri tukalijua?" Jibu la swali hilo kila mtu analijua. Unasema hakuna, watu wanacheka, soda zinaletwa.

Marehemu alitazama ndani yake, akaona kuna kitu, akakisema. Alitaja maradhi ya mdogo wake kwa jina, akataja dawa, akaeleza mtu afanye nini hali ikibadilika. Alieleza kwa upole, kama anavyomweleza mteja. Jina la maradhi hayo halitaandikwa hapa. Lilishatajwa mara moja bila ruhusa ya mwenyewe, na inatosha. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni na sinia la glasi. Hakuangusha hata moja. Aliliweka sinia mezani, akamimina, akazunguka kwa wageni wote, akatoka. Wageni walikunywa, wakashukuru, wakaenda zao. Yule kijana alikuja mara moja akazungumza naye nje, kichwa chini, kisha hakuja tena.

Wageni walipoondoka, ndugu wawili walisimama jikoni.

"Nilikuwa nimwambie mwenyewe," mdogo wake alisema. "Jumapili. Tulishapanga kwenda kutembea, nimwambie."

"Mimi nimesema ukweli tu."

"Ulikuwa wangu, kaka."

Wiki hiyo alipopanda ghorofani alimweleza mwalimu wake yote. Mwalimu alimsikiliza, kisha akamuuliza kama wiki ya kwanza alikuwepo. Akasema hakuwepo.

"Wiki ya kwanza tulizungumza kutodhuru," mwalimu alisema. "Ndilo la mwanzo. Hayo mengine yote, hata ukweli, yanapimwa kwa hilo. Kama ukweli utamwumiza mtu, unatazama kwanza ni wa nani kuusema, na usemwe wapi. Na kama si wako, unanyamaza."

"Mbona hukurudia?"

"Nilijua aliyechelewa atauliza alichokosa."

Alirudi akamweleza mama yake maneno hayo, akiwa amekaa kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache. Wengi wenu mlimjua hivyo, mkadhani ndiyo tabia yake. Haikuwa tabia yake. Alikuwa anatazama kila neno mara mbili, na mengi aliyarudisha.

Mdogo wake hakuolewa. Alipata kazi ya kupiga pasi kwa dobi mkubwa, anayo hadi leo, na kwa miaka kumi na minane hakumsemesha kaka yake. Kaka akija kwa mama kwa mlango wa mbele, yeye anatokea wa nyuma. Kwenye meza moja walikuwa wakimtumia mama kama posta. "Mama, mwambie mwanao chumvi anayo yeye." Mama yao ana kichwa kigumu, hilo linajulikana mtaa mzima, na watoto wake hawakukiokota njiani.

Marehemu aliomba msamaha mara nyingi. Alimfuata hadi kwa dobi, akasimama kwenye mvuke pamoja na wateja. Alisema amekosea mahali, amekosea wakati, amemwumiza na anaona. Mdogo wake alitaka neno moja tu, aseme anajuta kwamba alisema. Na hilo hakulisema, kwa sababu kila akijitazama alikumbuka siku moja ya utoto wa huyu mdogo wake, hali ilipobadilika ghafla, ambapo mtu asiyejua la kufanya angempoteza, na aliyekuwepo alikuwa yeye na alijua. Hakuona juto la kusema. Angeweza kulitamka tu. Mkewe alimwomba alitamke, mama yake alimwomba, hata mwalimu wake wa yoga alimwambia atafute namna. Alijibu kwamba ukweli ndio uliomgombanisha na mdogo wake, hawezi kumrudia kwa uongo.

Mwaka 2021 alianza kuumwa tumbo. Alipimwa, ikaonekana ni saratani ya utumbo, na ilikuwa imeshakwenda mbali. Ndugu walimzunguka daktari wamwombe asimwambie mgonjwa, lakini mgonjwa alishamuuliza daktari mwenyewe na akamshukuru kwa kumjibu. Watu waliokuja wodini wakimwambia atapona tu, alikuwa akisema, "Sidhani, lakini asante kwa kuja." Wengine walichukia. Alifanyiwa upasuaji, akatibiwa kwa dawa kali, akanyonyoka nywele, akarudi nyumbani, akarudishwa tena wodini. Mkewe alihamishia cherehani karibu na kitanda, alipokuwa nyumbani, ili asiwe peke yake.

Jumatano, tarehe 12 Oktoba 2022, mdogo wake alikwenda hospitali. Alitoka kazini moja kwa moja, na koti lake la kazi. Alisimama upande wa miguu. Mama yao alikuwepo, kwa hiyo haya si ya kuambiwa.

"Kaka," alisema.

Hakuwa amelisema neno hilo miaka yote. Mgonjwa alifumbua macho.

"Nimekuja uniambie unajuta. Neno moja, niondoke nalo."

"Ngoja nitazame," alisema, akafumba macho. Alikaa hivyo muda. Muuguzi aliingia, akabadilisha chupa ya maji, akatoka, na mdogo wake bado amesimama.

"Ninajuta ulivyosimama pale mlangoni na sinia," alisema hatimaye. "Hilo lipo, kubwa. Kule kusema bado sijaona. Nipe mpaka kesho."

"Kaka, huna kesho nyingi."

"Najua. Ndiyo maana siwezi kukupa la uongo."

Mdogo wake aliinyoosha shuka miguuni, akaipitishia kiganja mpaka mikunjo ikaisha, kwa mazoea ya kazi yake, akaondoka. Siku iliyofuata mgonjwa hakuweza tena kusema. Mdogo wake alikuja jioni akamkuta anapumua tu, macho yamefumbwa. Alifariki asubuhi ya Ijumaa, tarehe 14 Oktoba 2022. Kama lile neno alilipata, alilipata peke yake, na amekwenda nalo.

Karatasi hii ilipokuwa inaandaliwa, mdogo wake alimwomba mama yake aandike kwamba lilisemwa.

"Hakusema," mama yake alimjibu.

"Nani atajua?"

"Wewe utajua."

"Basi maradhi yangu usiyataje kwa jina," mdogo wake alisema. "Lakini andika kwamba nilikwenda."

Alikwenda. Anayesoma asiuruke mstari huu. Alikwenda, akauliza, na hawakupatana.

Marehemu ameacha mama yake mzazi, mke wake na mdogo wake wa kike. Ameacha pia bandani makochi mawili ya watu ambayo hayajaisha. Wenyewe waje wayachukue. Alisema moja mbao yake ni nzuri, na lingine si nzuri.

Wazee wa msiba wameomba mwishoni pawekwe neno la matumaini. Mama yake amekaa, ametazama, hakuliona, kwa hiyo halikuandikwa.

Apumzike kwa amani mwana wa mama yake. Hilo lipo.