Benedicta Kalinga na Maganda Yaliyorudi Baharini

Baba Paroko, wazee wetu wa Mbalizi, na ninyi mliotoka Igowole na mvua hii, poleni sana. Naitwa Devota, mdogo wake marehemu. Nimeambiwa nisome kwa ufupi, ingawa dada mwenyewe hakujua kufupisha kitu.

Marehemu Benedicta Kalinga alizaliwa Igowole, wilayani Mufindi, tarehe 9 Agosti 1974, mtoto wa pili wa marehemu mzee Anselmi Kalinga na mama Lusia, ambaye tunaye hapa mbele. Baba alikuwa mpanda miti. Benedicta alikua akibeba miche ya paini kichwani, na kwetu ulipokata mti ulipanda mwingine, hakuna aliyeona jambo hilo kuwa elimu.

Alisoma shule ya msingi Igowole kuanzia 1982 hadi 1988, kisha sekondari mjini Iringa, na likizo fupi alizimalizia kwa shangazi Tosamaganga. Aliomba kusomea misitu, akapangiwa uvuvi, Bagamoyo. Baba aliuliza kama wakubwa wameona bwawa letu la perege wakadhani sisi ni watu wa pwani. Dada alilia hadi Morogoro. Likizo ya kwanza alirudi akizungumzia chaza asubuhi mpaka jioni, tukamchoka.

Mwaka 1998 aliajiriwa kama afisa uvuvi mkoani Lindi. Huko alikuta hori, mkono wa bahari unaoingia katikati ya mikoko, ambalo wenyeji walisema zamani lilikuwa na mwamba wa chaza mpana, maji yakitoka unatembea juu yake. Chaza wale walichuja maji yakawa safi, walizuia matope yasihame, na samaki wadogo na kaa walijificha humo. Watu kula chaza hakukumkera. Kilichomkera ni maganda kuondoka. Mtoto wa chaza huelea majini, kisha hutafuta kitu kigumu ajibandike maisha yake yote, na hapendi kitu kama ganda la wakubwa wake. Sasa maganda yalichomwa chokaa, na mengine yalipakiwa malori kuja kusagwa huku kwetu, chakula cha kuku. Hori likabaki tope tupu.

Lori moja lilikuwa la Gwakisa Mwasomola, msagaji wa chakula cha kuku hapa hapa Mbalizi. Benedicta alipanda, akakalia magunia, akagoma kushuka. Shemeji husema alikwenda kutafuta maganda akapata mchumba. Mimi nasema ni shemeji aliyerudi na gari tupu na bado akashukuru. Walifunga ndoa tarehe 14 Juni 2003. Tangu hapo mashine ile haikusaga tena ganda la bahari, ilisaga mawe ya chokaa ya Songwe, na kuku walitaga vilevile.

Mgumu alikuwa mama. Krismasi moja dada alileta nyumbani gunia la maganda aliyoyachagua moja moja, amwonyeshe baba. Asubuhi akaamshwa na mlio wa kinu. Mama alikuwa ameshayatwanga yote na kuku wake wanashangilia. Benedicta alinuna hadi Mwaka Mpya, huku mayai anakula.

Mwaka 2015 alijaribu kuurudisha mwamba. Matope yaliyameza maganda yote, akaja nyumbani akalala mchana kutwa. Mwaka 2021 alianza upya na akina mama wa kule wanaookota chaza. Walitandaza mawe kwanza, wakapanga juu yake maganda ndani ya mifuko ya nyavu, wakakubaliana eneo lile lisiguswe. Maganda yalipopungua, shemeji alizunguka maduka yote ya chakula cha kuku, Mbeya hadi Iringa, akayaomba, na malori yaliyopeleka viazi Lindi kupitia Songea yakayarudisha. Raha ya wawili hawa mwaka ule siwezi kuieleza.

Septemba 2023 figo zake zilishindwa kazi. Ikabidi abaki Mbeya, karibu na mashine ya kusafisha damu, ambayo aliiita chaza wake. Hakuiona tena bahari. Swali lake lilikuwa moja tu: watoto wa chaza wameshika? Akina mama walipiga simu kwamba wameshika, yeye akadhani wanamfariji. Hilo lilimnyima usingizi kuliko maumivu.

Basi shemeji, ambaye maji yakimpita kifundo cha mguu anamwita Mungu, alikwenda mwenyewe. Jumamosi, tarehe 8 Machi 2025, aliingia chumbani na ndoo yenye gunia lililolowa. Ndani mlikuwa na ganda moja la zamani, na juu yake chaza wadogo wamejibandika, wamesongamana. Dada alivaa miwani, akawapapasa, akacheka mpaka akalia. Shemeji akamwahidi kwamba ganda lile hawataachana nalo kamwe, hata kaburini.

"Msinizike nalo," akasema. "Hawa wako hai. Lirudishe, Gwakisa, wewe mwenyewe."

Alituacha Jumatatu, tarehe 10 Machi, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe. Ameacha mume, watoto wawili, Blessing na Danieli, mama yetu, na mimi ambaye sijui nitagombana na nani sasa.

Mnajua mfiwa hatoki nyumbani mpaka matanga yaishe. Jana wazee wa ukoo walikaa kujadili kama shemeji alirudishe ganda Lindi leo hii, na wengi walikataa. Mama Lusia ndiye aliyemaliza maneno. "Mwacheni aende," alisema. "Mimi nilishatwanga gunia zima."

Kwa hiyo tukitoka makaburini msishangae mkimwona shemeji anapanda lori. Hamkimbii mkewe. Chaza wakiwa na unyevu na baridi hii yetu watafika wazima.

Lala kwa amani, dada yangu. Ndoo tumeifunika, na kuku tumewafungia.