Mama Mkwe Anakimbia Pekupeku

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda cha mume wangu cha kutengenezea baiskeli. Ukikaa katikati linabonyea, ukikaa pembeni na mwenzako akainuka ghafla, unaangukia matairi. Asubuhi, kabla wateja hawajaanza kuleta pancha zao, mimi huwa pale na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa, mtoto mgongoni, na wanaume watatu hukaa kuitengeneza dunia. Mume wangu wanamwita Spoku, kwa sababu ya kazi yake na kwa sababu ya wembamba wake. Redio ni kinyozi wa kibanda cha pili. Ukishakaa kwenye kiti chake anawaka, na hazimiki mpaka ulipe. Waziri ni mzee mstaafu. Alikuwa tarishi wa ofisi, lakini anasema mafaili yote makubwa yalipita mikononi mwake, kwa hiyo naye alitawala. Asubuhi ninayoieleza ilikuwa Ijumaa, na kesho yake zilikuwa mbio za mtaa, kutoka sokoni hadi shule ya msingi. Mama mkwe wangu, mwenye wajukuu na mvi zake, alikuwa amejiandikisha. Na kila mtu alijua anakimbia bila viatu.

Spoku: Leo akipita hapa namsimamisha. Nawaambia mapema, msije mkasema sina adabu.

Redio: Utamsimamisha na nini? Breki zote umezitundika humo ndani, yeye hana hata moja.

Spoku: Cheka tu. Kesho mtaa mzima umejipanga barabarani, mama yangu anapita pekupeku. Watu watasema nini? Kwamba nimeoa, nina kibanda, na nimeshindwa kumvisha mama mzazi. Na viatu nilimnunulia! Vipya, vya kukimbilia, soli nene kama godoro. Viko chini ya kitanda, panya ndio wanavijaribu.

Waziri: Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Spoku: Umeona! Asante mzee wangu.

Redio: Ngoja kwanza. Hapo mkuu ni nani? Si mama?

Waziri akainamia kikombe chake, akanywa taratibu kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine.

Spoku: Mimi ni fundi. Baiskeli bila tairi ni rimu tupu. Iingize barabarani uone, itapinda kabla hujafika kona. Mguu nao ni hivyo hivyo.

Waziri: Na mbuzi?

Spoku: Mbuzi vipi?

Waziri: Tairi lake liko wapi? Umewahi kuona mbuzi aliyepinda?

Spoku: Mbuzi hakimbii mbio za mtaa.

Waziri: Hajaalikwa.

Redio: Mimi niseme kweli ya Mungu. Juzi nilikuwa namnyoa mtu, nusu kichwa bado. Mama akapita. Yule mteja aliinuka na shuka langu shingoni, akaenda hadi barabarani kumtazama. Ananiuliza, huyu bibi anakimbia au anateleza? Maana humsikii! Vijana wakipita na viatu vyao, kioo changu kinatetemeka ukutani, puu, puu, puu. Mama akipita, paka ana kelele kuliko yeye. Shemeji!

Shemeji ni mimi.

Redio: Wewe unaishi naye nyumba moja. Anapaka nini miguuni?

Mimi: Hapaki kitu. Anaosha kwa maji na sabuni.

Redio: Sabuni gani?

Mimi: Ya kufulia.

Redio: Ya kipande au ya unga?

Mimi: Ya kipande.

Wakatazamana kama watu waliofunuliwa siri ya serikali.

Mimi si msemaji, lakini niliona si haki sabuni ipewe sifa za mtu. Nikawaeleza jinsi ilivyokuwa. Vile viatu mama alivijaribu kweli, akarudi kila mara amechoka magoti. Siku moja aliviacha kando ya goli, kwenye kiwanja cha shule, akazunguka kidogo juu ya majani, akarudi anacheka peke yake. Wala hakurukia mbio. Kwanza alitembea tu uani, akifagia, akianika nguo, bila ndala. Kisha kiwanjani, kutoka goli hadi goli, basi. Siku aliyozidisha, vigimbi vilimkaza hata akawa anashuka ngazi kinyumenyume. Nikamkanda kwa maji ya moto, akapumzika mpaka vikalegea, ndipo akaanza tena, kidogo kuliko mwanzo. Sasa anapiga hatua fupi fupi, anatua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, magoti yamelegea, kichwa kimetulia kama amebeba ndoo ya maji. Na macho hayabanduki barabarani, maana kipande cha chupa hakijui shikamoo.

Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho. Sikumbuki kama nimewahi kuongea kiasi kile mbele ya watu.

Redio: Mmesikia? Ni masikio!

Spoku: Masikio yametoka wapi?

Redio: Unyayo una masikio madogo madogo, hayaonekani. Ukivaa kiatu umeyaziba. Ukivua, ardhi inakuambia: mbele kuna mlima, kushoto kuna mbwa, mbwa mwenyewe amefungwa.

Waziri: Si masikio, ni umeme. Ardhi ina umeme wake. Mafundi umeme wanavaa mabuti ya mpira kwa nini? Ili usiingie. Sasa mama huyu hana mpira. Kila hatua anachaji. Haba na haba hujaza kibaba.

Redio: Ndiyo maana hachoki!

Waziri: Na ninyi wa viatu mnatembea mmezimwa. Tena hili jambo ni la makusudi. Ofisini kwetu mkurugenzi alivaa viatu vya ngozi, sikumwona akikimbia hata siku moja. Mimi nilivaa ndala, nikakimbia mpaka nikastaafu. Pigeni hesabu. Nani aliyeleta viatu? Waliotaka tukae.

Redio: Basi kesho hatari. Mama atapita shule bila kujua. Watu wamesimama kwenye utepe na maji ya kumpa, kumbe yeye yuko wilaya nyingine.

Waziri: Akiwa na chaji yote ile, atafika kabla ya filimbi ya kuanza.

Spoku: Mtu atafikaje kabla hajaanza?

Waziri: Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

Hapo hata mtoto mgongoni kwangu alicheka, kwa kuwa mgongo wangu ulikuwa unatikisika. Lakini mume wangu hakucheka. Alikuwa ameshika spana na hakuna alichokuwa anafungua.

Spoku: Mnaona ni mchezo. Nikiwa mdogo mama alikuwa anakwenda pekupeku kila mahali. Sokoni, kliniki, shuleni akiitwa na mwalimu. Si kwa kupenda. Viatu vilivyokuwepo tulivaa sisi. Watoto wenzangu walikuwa wanamwona anakuja, wananitazama mimi. Nikajiapia, nikishika kazi, mguu wa mama hautagusa mchanga tena. Leo mnaniambia masikio!

Redio akataka kusema, akajizima mwenyewe, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku ile. Nami nilikuwa naishi na mtu huyu, nampikia, na habari hiyo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza.

Ndipo akatokea mchuuzi mmoja tusiyemfahamu, jozi za viatu zimening'inia mabegani kwa kamba zake, mbele na nyuma.

Mchuuzi: Salama wakubwa? Viatu hivi, vinakaa kama mguu wenyewe.

Spoku: Njoo ndugu, Mungu amekuleta. Nataka vya mama yangu, vya kukimbilia, vyepesi. Pengine vile vya kwanza vilikuwa vizito. Nitamvisha hapa hapa akipita.

Mchuuzi: Hamna shida, kaka. Mama anavaa namba ngapi?

Mume wangu akajikuna kichwa kwa spana. Akamtazama Redio. Redio akamtazama Waziri.

Spoku: Namba ya kawaida. Ya kina mama.

Mchuuzi: Kina mama wako wengi, kaka. Vile vya kwanza ulinunua namba ngapi?

Spoku: Nilipima kwa mguu wangu, nikapunguza.

Mchuuzi: Ukapunguza kiasi gani?

Spoku: Nikapunguza tu.

Akanigeukia mimi. Nami sikujua. Nimeikanda miguu ile, nimeiwekea maji kwenye beseni, lakini namba yake sikuwahi kuuliza.

Redio: Huyo anakuja!

Mama alikuwa ameshatukaribia, kanga imekazwa kiunoni juu ya suruali yake ya mazoezi, na kweli hakuna aliyemsikia. Mume wangu akaruka katikati ya njia, mikono ameitanua kama anayezuia ng'ombe.

Spoku: Mama, simama!

Mama: Sisimami, mwanangu, mwili utapoa. Sema huku tunakwenda.

Akampita kwa upande, kama maji yanavyopita jiwe.

Spoku: Mguu wako namba ngapi?

Mama: Nini?

Spoku: Namba! Ya kiatu!

Mama: Leo ndiyo unauliza? Haya, njoo nikuambie!

Mume wangu akamfuata, ndala zinampiga visigino, pata pata pata. Mbele ya kibanda cha Redio moja ikachomoka. Akasimama. Akaitazama ndala, akamtazama mama yake aliyekuwa anaikaribia kona. Akaitupa na ya pili, akakimbia. Alikimbia vibaya, jamani, kisigino kwanza, mikono kama mtu anayefukuza kuku, na aproni yake ya grisi inapepea. Tukasikia sauti ya mama ikimrudi kutoka mbali: Hatua fupi! Fupi, mwanangu! Usigonge kisigino, utajiumiza! Kisha wakakata kona wakiwa sambamba.

Waziri: Mtoto wa nyoka ni nyoka.

Safari hii hakuna aliyembishia.

Mchuuzi alikaa kusubiri, akanywa kahawa yote iliyobaki, na akaambiwa habari za umeme. Waliporudi, mume wangu alikuwa anachechemea, nyayo nyekundu, uso wote meno. Mama alikuja moja kwa moja kwangu kuomba maji ya kunywa.

Mchuuzi: Haya kaka, namba ngapi?

Mume wangu akashika magoti, akahema, akageuka kumtazama mama yake anavyokunywa.

Spoku: Nimesahau kuuliza. Uje Jumapili, ndugu yangu. Kesho tuna mbio.